Lapi Yangu Ndogo Haihitaji Pole Zako

Kuna swali ambalo haliishi kwa koment zangu: "Msee, utanunua lapi ya ukweli lini?" Linakuja kila nikipiga video ya meza yangu na ile kamashine keusi kaonekane kwa kona. Wengine wanaongezea emoji ya kulia. Mmoja aliahidi kunichangia soo mbili. Hizo soo mbili bado nazingoja, lakini tuendelee.

Jibu langu ni hili: hii ndiyo lapi ya ukweli. Kila video umeona kwa ukurasa huu imekatwa humo ndani. Kila invoisi nimetuma, kila maandishi ya chini ya video, hata hii post unayosoma sasa hivi, vyote vimepitia hiyo kibodi yenye herufi A imefutika.

Na siandiki nijitetee. Naandika kwa sababu inboksi yangu imejaa mavijana wa miaka kumi na saba, kumi na nane, wananiuliza waanzie wapi, halafu sentensi ya pili wanasema "lakini sina lapi poa, nangoja kwanza." Hiyo kungoja ndiyo inaniuma. Maoni yangu leo ni moja tu: kwa mtu anayeanza, lapi ndogo ya bei rahisi ni chombo cha kazi, anza nayo. Lakini chagua vizuri, kwa sababu kuna rahisi ya kukusaidia na kuna rahisi ya kukumaliza.

Wacha kwanza niwajulishe mgonjwa mnayemwonea huruma.

Ni ThinkPad X250. Skrini ya inchi 12.5, uzito kama kilo moja na nusu hivi, modeli ya mwaka 2015. Niliipata mtumba, zile tunaita "ex-UK", kwa 16,500. Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niiite kipakatalishi, lakini hata yeye akiwa na haraka alikuwa anasema lapi. Ukibonyeza shifti na namba 3 unapata alama ya pauni, kwa hivyo najua kabisa kibodi yake haikutengenezewa Githurai. Hii mashine ilikuwa na kazi ya ofisi kabla ya kuja huku. Kampuni kubwa za ng'ambo hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka kadhaa, hata kama zinafanya kazi, na zile za zamani zinauzwa kwa jumla, zinapakiwa kwa kontena, zinafika Mombasa, zinapanda mpaka Nairobi, zinapangwa kwa rafu pale Luthuli na Moi Avenue kama viatu vya Gikomba. Ukipanda ngazi za zile majengo utakuta maduka madogo, kila moja na kijana anakuita "bosi" hata kama umeingia na soksi za kutofautiana.

Maisha na lapi ndogo yana raha zake, na raha ya kwanza ni kwamba haionekani. Ukibeba lapi kubwa na ule mkoba wake wa mgongoni kupitia stage jioni, umejiandikia barua ya kuibiwa. Yangu inaingia kwa mfuko wa kaki pamoja na sukuma wiki. Kwa matatu naiweka kwa mapaja bila kumgonga jirani na kiwiko. Kwa keja, ambapo meza ndiyo kabati na ndiyo jikoni, naifunga naisimamisha kando ya sufuria, maisha yanaendelea.

Ya pili ni betri. Hii modeli ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuichomoa huku mashine inawaka, na haizimiki. Kama unaishi mahali tokeni zinaisha saa tatu usiku na M-Pesa yako inasoma shilingi 14, utaelewa kwa nini naipenda hiyo betri kuliko logo yoyote.

Kero pia zipo. Skrini haina mwangaza wa kutosha, ukikaa nje mchana unaona sura yako tu. Feni ikianza, jirani anadhani nasaga nyanya. Spika ni za kunong'ona. Ukifungua tabo kumi na tano za intaneti, ya kumi na sita inaomba kupumzika. Hizo zote ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo imewahi kunizuia kumaliza kazi ya mteja.

Sasa twende kwa maana yenyewe. Mnaniambia, "Si utumie simu tu? Simu inafanya kila kitu."

Simu inafanya kila kitu mpaka siku uko na kazi ya ukweli. Kwa ploti yetu, lapi hii imekuwa kama ofisi ya serikali. Juni ikikaribia kuisha, watu wanagonga mlango kwa sababu mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA ni tarehe 30. Dirisha la KUCCPS likifunguliwa, kuna kijana amekaa kwa mtungi wangu wa maji anachagua kozi. HELB, cheti cha tabia njema kwa eCitizen, barua ya kuomba kazi, CV. Wote hawa wana simu. Simu zao ni mpya kuliko lapi yangu, na zingine zilinunuliwa kwa pesa nyingi kuliko lapi yangu. Lakini ukijaribu kujaza fomu ndefu kwa skrini ya kiganja, huku faili inakataa kupanda kwa sababu ni kubwa, na ukirudi nyuma mara moja kila kitu kimefutika, utajua tofauti. Simu ni poa ya kutazama kazi ya wengine. Ukitaka kuandika kurasa kumi, kupanga hesabu, kufungua faili tatu pamoja, unahitaji kibodi na skrini inayokaa mezani.

Nilisoma chuo miaka miwili kabla karo initoe, na nimeona watu wakiandika kazi ya darasa ya maneno elfu tatu kwa kidole gumba. Si eti walikuwa wavivu. Walikuwa wakifanya mara tatu ya kazi ya yule mwenye lapi, halafu wanapewa maki sawa au chini. Hiyo pengo haionekani kwa matokeo, lakini iko.

Na tusisahau kuna ahadi tulipewa. Mwaka 2013 serikali mpya ya Jubilee iliingia ikiahidi lapi kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapita darasa la kwanza, kwa hivyo sikuwa kwa hesabu. Ilipofika 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni, na wale wadogo walipewa tableti. Siko hapa kupiga siasa. Nasema tu kizazi chetu kiliskia neno "lapi" kutoka kwa jukwaa kabla kiguse moja kwa mikono, na wengi wetu mpaka leo bado tunaona ni kitu cha kupewa, cha siku fulani, cha watu fulani. Wakati huo huo ziko Luthuli, zimepangwa kwa rafu.

Nilisema kuna rahisi mbili, kwa hivyo hapa keti vizuri.

Rahisi ya kwanza ni mpya. Iko kwa boksi, inang'aa, rangi ya buluu au pinki, nyepesi, na bei inakaribiana na ya mtumba. Mzazi anaipenda kwa sababu ni mpya na ina waranti. Ukisoma karatasi ya kando utaona imeandikwa eMMC, GB 32 au 64. Hiyo eMMC ndiyo hifadhi, na kwa mashine nyingi za aina hii imechomelewa moja kwa moja kwa bodi. RAM pia mara nyingi imechomelewa. Maana yake ni kwamba siku unayoinunua ndiyo siku yake bora zaidi duniani. Windows ikishakaa humo ndani kwa GB 32, nafasi inayobaki ni ya nyimbo na picha za harusi ya shangazi. Apdeti ikija inakwambia hakuna nafasi. Unafuta picha, unafuta nyimbo, bado. Na huwezi kuongeza, kwa sababu hakuna mahali pa kuongezea. Ukipeleka kwa fundi anaiangalia, anakuangalia, anakurudishia.

Rahisi ya pili ni mzee wa ofisi kama yangu. Hana boksi, ana mikwaruzo, pengine ana stika ya hesabu ya kampuni ambayo hutawahi kuijua. Lakini huyu alitengenezwa kwa watu wa ofisi ambao hawataki kazi isimame, kwa hivyo alitengenezwa afunguliwe. Chini kuna skrubu za kawaida. Ndani kuna sloti ya RAM: nilitoa ya GB 4, nikaweka ya GB 8. Kuna nafasi ya diski: nilitoa ile ya zamani inayozunguka ikilia kama kinu, nikaweka SSD. Kabla ya hapo, nikiiwasha nilikuwa naenda kununua chapo na nikirudi bado inafikiria. Sasa inawaka kabla nivue viatu. Mashine ni ile ile. Kibodi ikiharibika, inauzwa peke yake. Betri ya nje, inauzwa. Hinji, chaja, hata plastiki ya kona, vyote viko mjini kwa sababu mashine zenyewe ziko nyingi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ubebe. Usiulize tu "ni mpya?" Uliza "inafunguka?" Kitu unachoweza kufungua na kurekebisha ni chako. Kile kingine umekikodi mpaka kiharibike.

Ukienda kununua, usiende na haraka na usiende jioni. Waambie waiwashe, waizime, waiwashe tena. Bonyeza kila herufi, moja moja, hata kama muuzaji anakohoa. Zungusha skrini polepole uskie kama hinji zinalia. Chomoa chaja uitumie hapo hapo dakika ishirini uone betri inashuka vipi. Ingia kwa BIOS uhakikishe haina nywila ya kampuni ya zamani, kwa sababu ikifungwa huko, utalia. Chomeka flashi kwa kila tundu. Uliza waranti ya duka ni ya siku ngapi, na iandikwe kwa risiti pamoja na namba ya mashine. Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikasirika, ngazi za kushuka ni zile zile ulizopandia.

Sasa kuna jambo limefanya hii mada iwe moto. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya usalama kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha. Windows 11 nayo ina masharti: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, ukitoa chache, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. X250 ni ya kizazi cha tano. Kwa hivyo mashine inayokata video, inayojaza ritani za ploti nzima, inayofanya kazi hivi sasa ninavyoandika, imeambiwa na ujumbe kwa skrini kwamba wakati wake umeisha.

Fikiria hiyo kidogo. Hakuna kitu kimevunjika. Hakuna waya umeungua. Mtu mbali sana ameamua. Na zile kampuni za ng'ambo zikitupa mashine zao kwa sababu hiyo, nyingi zitaishia kwa makontena ya kuja huku, ziuzwe kwa watoto wetu bila kuambiwa chochote. Zikishindwa kuuzika, zitaishia mahali taka za Nairobi huishia, na Dandora haina nafasi ya aibu zaidi.

Mimi nilichofanya ni kuweka Linux Mint. Ni ya bure. Unapakua faili ya karibu GB 3 ukipata waifai ya mtu mwenye roho safi, unaiandika kwa flashi, unawasha lapi kutoka kwa hiyo flashi, na unaweza kuijaribu kabla hata ya kugusa diski yako. Kabla uiweke kabisa, hamisha faili zako kwanza, hiyo hakuna mjadala. Apdeti za usalama zinakuja kama kawaida. Uandishi nafanya kwa LibreOffice, na nikituma kwa mteja natuma PDF ili mistari isikimbie. Sauti nasafisha kwa Audacity. Video nakata kwa Kdenlive.

Kuna vitu utakosa. Programu za Adobe hazina toleo la Linux. Gemu nyingi zitakunyima. Kama kozi yako inalazimisha programu fulani ya Windows pekee, basi hii si njia yako, tafuta mtumba wa kizazi cha nane kwenda juu, zipo, bei imepanda kidogo tu. Lakini kama kazi yako ni kuandika, kusoma, kukata video za kawaida na kutuma barua pepe, huyo mzee bado ana miaka.

Mnauliza nakata vipi video na kamashine hako. Siri inaitwa proksi. Klipu za simu ni nzito, kwa hivyo naiambia Kdenlive itengeneze nakala nyepesi ya kila klipu. Nakata hizo nyepesi, mashine haitoi jasho. Nikimaliza, programu inarudi kwa klipu zenyewe na kutoa video kwa ubora wake kamili. Kutoa video ya dakika nane kunaweza kula saa nzima, kwa hivyo naanzisha nikienda kulala. Asubuhi iko tayari, na ukiitazama hutajua ilitoka kwa mashine ya 16,500 au ya laki mbili.

Lakini siwezi kuwauzia umaskini kama perfyumu. Kuna watu mtandaoni wanasema kifaa kibovu ndicho kinakufanya mbunifu. Hapana. Kifaa cha polepole kinakula muda, na muda ni pesa, na muda wa maskini ndio wa kwanza kuliwa kila mahali. Nikipata kazi inayolipa mashine kubwa zaidi, nitainunua bila kulia. Ninachokataa ni kuambiwa ninunue ndiyo nipate kazi.

Kwa sababu hebu tuangalie hesabu ya upande ule mwingine. Chukua mfano wa simu ya lipa pole pole: deposti 4,000, halafu soo moja kila siku kwa mwaka mzima. Soo moja si kitu, sivyo? Mara 365 ni 36,500. Jumlisha deposti, ni 40,500. Na ukikosa siku chache, simu inajifunga kutoka mbali, na wewe uliyekuwa unaitumia kutafuta hiyo soo huwezi tena kuitafuta. Kwa hizo pesa ungepata lapi kama yangu, RAM, SSD, na ubakishe bando ya miezi kadhaa. Hakuna anayekuonea huruma ukiwa na ile simu. Huruma yote inaletwa kwangu, mwenye mashine ambayo hakuna mtu anaweza kuizima akiwa mbali.

Hapo ndipo tumepotoshwa. Tumefundishwa kupima kazi kwa logo iliyo nyuma ya skrini. Unaingia kwa mkahawa mjini, watu wanafungua lapi zao kwa kuangaliwa, na wewe unatafuta kona ili usionekane. Wenzangu wanaotengeneza kontenti, tuna mchango hapo. Kila wiki kuna video ya "vifaa unavyohitaji kuanza", na orodha inafika laki tatu, na viungo vya kununua viko chini. Mtoto wa Kayole anatazama hiyo, anafunga simu, anasema basi nangoja. Anangoja miaka miwili. Ni kama kumwambia mtu asijifunze kupika mpaka anunue friji.

Kwa hivyo kama wewe ni mzazi na umeweka elfu ishirini kando, usinunue boksi linalong'aa kabla hujauliza kama linafunguka. Kama uko kwa ofisi ambayo mashine za zamani zimewekwa stoo zikingoja vumbi liamue, zifutwe data vizuri zipelekwe kwa shule au maktaba ya mtaa. Kama wewe ni fundi, fundisha kijana mmoja kubadilisha SSD, hiyo ni dakika kumi na tano za maisha yako. Na kama ni wewe uko hapo na kamashine kadogo, kibodi imekosa herufi, betri inakupa saa moja na nusu, acha kuificha ukiwa kwa simu ya video. Fungua faili mpya. Andika sentensi ya kwanza. Kata klipu ya kwanza.

Na yule wa soo mbili, namba yangu ya M-Pesa bado ni ile ile. Lakini usitume za lapi. Tuma za chapo.